Mzigo umefika, nyumbani hakuna mtu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, naishi Goba, Dar es Salaam. Mume wangu yuko kazini Geita, huja nyumbani kwa zamu. Dada aliyekuwa akinisaidia kazi ameolewa, na mpaka sasa sijapata mwingine wa kumwamini. Siku za kazi nafunga geti alfajiri, nampandisha mtoto kwenye gari la shule, na jioni nampitia kwa mama yake mdogo Mbezi ndipo tunarudi kufungua. Mchana kutwa nyumba haina mtu, na kila anayeleta mzigo huja mchana.

Mwanangu ana pumu. Niliona mashine ya nebulaiza, ile ya kumvutisha mtoto dawa kwa mvuke kupitia barakoa, kwenye ukurasa wa muuzaji mmoja wa Kariakoo, bei ya kueleweka. Akaniambia nilipie na usafiri hapohapo, nitaletewa mpaka mlangoni. Nikalipa. Siku mzigo uliposafirishwa nilikuwa kazini, na kazini kwangu simu inabaki kabatini mpaka zamu iishe. Jioni nafungua nakuta ujumbe: "Tumefika, mpokeaji hapatikani, mzigo umerudishwa stoo." Simu niliyopigiwa nikaikosa haipo hata moja, nimekagua laini zote mbili. Nilipowapigia wasafirishaji nikaambiwa nilipie upya ndipo uletwe tena, ama niufuate stoo kabla hawajafunga saa kumi na moja, wakati mimi saa hiyo bado nimevaa gauni la kazi.

Nikalipia upya, kwa sababu ni kitu cha mtoto. Safari hii wakaandika "umefikishwa". Nafika nyumbani, getini hakuna kitu, kwa jirani hakuna kitu. Kumpigia wa bodaboda, anasema kaacha "hapo kwa Mangi". Duka la Mangi limefungwa, mwenyewe kaenda msibani Rombo. Aliporudi akanikabidhi boksi ambalo selotepu ya juu imebanduliwa na kubandikwa tena. Ndani barakoa ya mtoto haimo. Imebaki ile ya mtu mzima, ambayo usoni kwa mtoto wa miaka saba inaacha nafasi pembeni, mvuke wote wa dawa unapotelea hewani. Nilimuuliza Mangi kama kuna mtu aligusa lile boksi. Niliuliza kwa upole, Mama, lakini aliumia. Tangu siku hiyo ananihudumia bila salamu, na mtoto nikimtuma mkate anapewa chenji kimyakimya.

Muuzaji anasema, "Mimi nilishakabidhi mzigo, malizana na wasafirishaji." Wasafirishaji wanasema mzigo umepokelewa na kusainiwa. Wakanitumia picha ya hiyo saini. Si yangu, na Mangi anasema hakusaini chochote.

Hilo halijapoa, mama yangu akanitumia ndoo ya senene kutoka Muleba kwa basi. Ofisi ya mizigo ya basi walipiga nikiwa ndani ya upasuaji mrefu, na kesho yake nilikuwa zamu tena. Nilipofika stendi Mbezi ndoo ilikuwa imeshaanza kutoa harufu, na bado nikadaiwa hela ya kuhifadhi. Senene wale mama alikaa na wajukuu zake kuwanyonyoa mbawa na miguu, mmoja mmoja. Sasa kila siku anapiga kuuliza kama tumeshawala. Namwambia niko kazini, nakata.

Mume wangu anasema niache kununua vitu mtandaoni, niende dukani Jumamosi kama watu wengine. Rafiki yangu wa kazini anasema nimwelekeze wa bodaboda ufunguo wa geti dogo uliko, aingize mzigo barazani aondoke. Na juzi nimepata ujumbe mwingine kwamba kuna mzigo wangu umekwama, nitume 6,500 kwenye namba fulani uachiwe. Sijatuma.

Naomba unisaidie. Hiyo mashine nimdai nani? Nifanyeje na Mangi? Na mtu ambaye nyumba yake haina mtu mchana kutwa atapokeaje mizigo yake?

Muuguzi, Goba

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na mtoto. Hizo barakoa za watoto huuzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa tiba, pamoja na kikombe cha dawa na mpira wake. Nenda na kikombe chako mkononi ili ujue kama vinashikana, maana si kila barakoa inakaa kwenye kila kikombe. Wewe ni muuguzi, haya unayajua kuliko mimi, lakini nayasema kwa sababu mtu aliyekasirikia muuzaji anaweza kukaa wiki nzima akisubiri haki yake huku mtoto hana kifaa. Nunua, chukua risiti, itunze. Gharama hiyo tutaiweka kwenye madai yako.

Sasa twende kwenye hilo neno wanalokuandikia, "mpokeaji hapatikani". Kusema kweli, limeniudhi. Nyumba ya watu wanaofanya kazi kuwa imefungwa mchana si kosa la mtu. Kampuni iliyochukua hela yako kwa ahadi ya kufika mlangoni ilijua inauza huduma hiyo kwa walimu, wauguzi, makarani na mafundi, watu ambao mchana hawapo. Mtu hapatikani pale anapotafutwa akakosekana. Kama hakuna simu iliyopigwa, hakuna aliyekutafuta.

Kwa nini wanaandika hivyo? Vijana wengi wa bodaboda wanaobeba mizigo hulipwa kwa mzigo uliofika. Mafuta ni yake, mara nyingi hata vocha ni yake. Anatoka Kariakoo na mizigo ya Goba, Madale na Wazo kwenye boksi moja la nyuma, jua linamchoma, na mzigo wa mtu asiyejua kama yupo unamchelewesha mingine yote. Akifika njia panda ya Goba akaona nyumba yako iko ndani huko barabara ya vumbi, kubonyeza "hapatikani" kunamwokolea nusu saa. Namwelewa, na simtetei. Aliyempangia njia hiyo na malipo hayo ni kampuni, na kampuni ndiyo utakayoidai. Usigombane na yule kijana kwenye simu, hana mamlaka ya kukurudishia hata shilingi.

Umeniuliza umdai nani. Hapa nisome taratibu, kwa sababu wengi tunaamini kwamba mpaka kitu kifike mkononi mwako, hasara ni ya muuzaji. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haianzii hapo. Inasema kwamba muuzaji akiruhusiwa au akitakiwa kumpelekea mnunuzi bidhaa, basi kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa, kwa kuanzia, kuwa amemkabidhi mnunuzi. Ndiyo kauli anayoitumia muuzaji wako, hata kama hajui inatoka wapi. Lakini hayo ni pale ambapo hamkukubaliana vingine, na nyinyi mlikubaliana vingine. Wewe mwenyewe umeandika: alikwambia ulipie na usafiri, utaletewa mpaka mlangoni. Msafirishaji kamtafuta yeye, hela ya usafiri umempa yeye. Rudi kwenye mazungumzo yenu ya simu, tafuta maneno hayohayo, yapige picha na tarehe yake ionekane. Hayo maneno "mpaka mlangoni" ndiyo mkataba wenu. Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji afanye makubaliano ya maana na msafirishaji kulingana na aina ya bidhaa, na asipofanya, mzigo ukipotea au kuharibika njiani mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa. Kifaa cha hospitali cha mtoto kuachwa dukani kwa mtu asiyetajwa popote, mwenyewe yuko kazini, mimi siyaiti makubaliano ya maana.

Tena iko haki nyingine ambayo watu huisahau. Mnunuzi ambaye hakukiona kitu kabla ya kukinunua hahesabiwi kuwa amekikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Kwa hiyo hiyo saini, hata ingekuwa yako, isingefunga mjadala wa barakoa iliyokosekana. Na si yako.

Kwa hiyo mdai muuzaji kwanza, kwa maandishi, umpe na nakala msafirishaji. Muuzaji ndiye mteja wa msafirishaji, ana nguvu kwake kuliko wewe. Wasafirishaji waombe vitu hivi kwa majina yake: saa waliyofika mara ya kwanza na namba waliyoipiga, jina la aliyesaini, na picha ya mahali mzigo ulipoachwa. Kampuni nyingi siku hizi zinamtaka kijana apige picha anapokabidhi. Kama picha ipo, itaonyesha hali ya boksi lilipofika kwa Mangi, na hilo ni muhimu kuliko unavyofikiri, nitakueleza sasa hivi. Hela ya kulipia upya idai irudi. Ulitozwa kwa safari iliyotakiwa kufanywa na haikufanywa, au ilifanywa bila kukupigia.

Ujumbe wa 6,500 ulifanya vizuri kutoutumia hela. Matapeli wanajua kwamba kila mtu siku hizi anasubiri kitu. Mzigo wa kweli una namba ya ufuatiliaji na jina la aliyeutuma; ujumbe usio na vyote viwili upuuze. Ukilazimika kulipa, lipa kwa Lipa Namba ya kampuni na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba yako ya siri. Likija jina la mtu binafsi, acha.

Tuje kwa Mangi.

Mwanangu, nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako zaidi ya sehemu nyingine zote. Mzigo wa mashine una bei, unaweza kudaiwa. Mtu wa dukani mtaani kwako, anayemjua mtoto wako kwa jina, anayekukopesha unga mshahara ukichelewa, huyo huwezi kumwagiza Kariakoo. Mtazame upande wake. Kijana asiyemjua kasimamisha pikipiki, kamwekea boksi juu ya friji ya soda, kasema "la yule nesi", kaondoka. Hakuombwa, hakulipwa, hakuulizwa kama ana nafasi, na baada ya siku chache anatoka kuzika ndugu yake anaulizwa kama kaligusa. Hata ukiuliza kwa sauti ya malaika, swali lenyewe lina tuhuma ndani, na lilimkuta na msiba.

Nenda Jumapili asubuhi, duka likiwa halina watu. Usimtume mtoto, na usiingie kwa kununua kitu. Mpe pole ya msiba kwanza, na ukiwa na rambirambi kidogo mpe. Kisha umwambie wazi kwamba humdai, kwamba walioacha mzigo kwake bila ruhusa yako wala yake ndio walioleta yote haya, na kwamba unawaandikia. Halafu muulize kitu kimoja tu, ukieleza kwamba ni kwa ajili ya barua yako: boksi lilipoletwa, selotepu ilikuwaje? Swali hilo linamgeuza kuwa shahidi wako. Boksi kama hilo hupita kwa muuzaji, stoo, kwenye pikipiki, likarudishwa stoo, likatoka tena, ndipo likafika kwake. Mikono ni mingi kabla ya yake, na inawezekana kabisa barakoa haikuwekwa tangu Kariakoo.

Mkishapatana, na ninaamini mtapatana, ndipo umuulize kama angekuwa tayari kukupokelea mizigo kwa makubaliano. Makubaliano maana yake anajua mzigo unakuja siku gani, anaweza kukataa siku asipotaka, anaandika kwenye daftari lake la madeni saa kilipofika na nani kaleta, na wewe unamtoa kitu kidogo kila mara. Iwe hela, usimwambie "nitanunua kwako", hayo tayari unayafanya. Akikataa usinune. Wenye maduka wengi hawataki lawama ya vitu vya watu, na wana haki.

Sasa swali lako kubwa, la nyumba isiyo na mtu. Nchi hii haijazoea kuletewa vitu mlangoni. Barua zetu na vifurushi vyetu vilikuja kwa sanduku la posta, la shule, la kanisa, la ofisi ya baba, na mtu alikwenda kuvifuata. Hii biashara ya kuletewa imekuja kwa kasi kuliko anwani zetu. Ndiyo maana wa bodaboda hukupigia simu ya dakika kumi, "nipo kwenye mwembe, nishike kulia au kushoto?" Wewe simu iko kabatini, na bila simu yako nyumba yako kwake haipo.

Kwa hiyo hakikisha nyumba inajitaja bila wewe. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mitaa mingi ya Dar es Salaam ina majina na nyumba zina namba. Angalia kama kibao chako bado kiko getini na kinasomeka, na kama hukupata muulize mtendaji wa mtaa. Ukiandika anwani, usitegemee postikodi peke yake. Zile tarakimu 5 zinamfikisha mtu kwenye kata; ndani ya kata ya Goba kuna nyumba maelfu. Andika jina la barabara, namba ya nyumba, postikodi, halafu alama moja isiyohama, kama msikiti au shule. Usiandike "karibu na kibanda cha chipsi". Programu ya simu ya NaPA, ya mfumo wa taifa wa anwani za makazi, inaonyesha nyumba kwa anwani hiyo, na unaweza kumtumia kijana mahali hapo kabla hujaingia zamu.

Hilo linamfikisha getini. Bado geti limefungwa. Hapa ndipo ninapotaka ubadilishe utaratibu wako wote: mpokeaji mtaje kabla mzigo haujatoka dukani. Usisubiri kijana afike ndipo ajichagulie. Unapoagiza, andika, "Mpokeaji ni fulani, simu yake hii, asipopatikana mzigo ubaki stoo, usiachwe kwa mtu mwingine yeyote." Maneno hayo yangekuokoa na haya yote. Na ninavyokuona, mpokeaji wako wa kwanza unaye tayari. Ni mdogo wako wa Mbezi. Yuko nyumbani jioni mtoto anaposhuka gari, wewe unapita pale kila siku ya kazi. Kwa nini mizigo inakwenda Goba kwenye geti lililofungwa, wakati wewe mwenyewe unapitia Mbezi? Muombe kwanza, mpe bajeti ya vocha, na anwani ya kupokelea iwe kwake.

Kazini pia panawezekana, ila kuwa mwangalifu. Mlinzi wa geti la hospitali ana daftari lake na kazi yake, na hospitali nyingi hazitaki boksi zisizojulikana zikae getini. Ukipeleka huko, iwe kwa mwenzako wa mapokezi ambaye simu anakaa nayo, kwa ruhusa ya msimamizi wenu, na iwe kitu kidogo.

Kwa vitu vya thamani mimi napendelea kuvifuata mwenyewe. Najua utasema stoo yao inafungwa saa kumi na moja. Uliza kama wana wakala karibu na njia yako. Kampuni nyingi zina mawakala kwenye maduka yanayofungwa usiku. Na Shirika la Posta lina huduma ya Posta Kiganjani, ambayo namba yako ya simu inakuwa ndiyo sanduku lako, mzigo ukifika unapata ujumbe na kwenda kuuchukua. Kwa mtu ambaye simu yake inakaa kabatini mchana, ujumbe unaosubiri ni bora kuliko simu inayokatika.

Ushauri wa rafiki yako wa ufunguo, nakuomba kwa mikono miwili, usiufuate. Kijana wa leo anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini ukishamwandikia mahali ufunguo ulipo, ujumbe huo unakaa kwenye simu yake, na simu inaibwa, inauzwa, inaazimwa. Tena acha kabisa kuwaambia watu usiowajua kwamba nyumbani hakuna mtu mpaka jioni. Wengi tunasema hivyo kwenye simu bila kufikiri, mbele ya daladala nzima. Sema tu, "Mzigo upeleke Mbezi," basi. Mume wako hayupo, mnakaa wawili na mtoto. Hilo ni jambo la usalama wenu.

Na mtoto asipokee mzigo, hata kama siku hiyo yuko nyumbani na binti mkubwa wa jirani. Mtoto hawezi kukagua boksi, na hapaswi kufungua geti kwa sababu mtu kataja jina la mama yake.

Mume wako ana hoja kwa jambo moja: kifaa ambacho kikikosa kipande kimoja hakifanyi kazi, ni vizuri ukakinunua mahali unapoweza kukifungua kaunta. Lakini kukuambia uache kabisa si suluhisho. Yeye yuko Geita, Jumamosi zako baadhi ni za zamu, na zinazobaki ni za kufua, kupika na kukaa na mtoto. Mueleze hivyo akija, kwa hesabu ya saa zako za wiki, asikie. Mwombe naye awe namba ya pili kwenye mizigo yako. Akiwa mapumzikoni anaweza kupokea simu ya bodaboda akiwa hukohuko Geita na kumwelekeza Mbezi.

Senene sasa. Kutoka Muleba mpaka Mbezi ni zaidi ya kilomita 1,300. Senene wabichi kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya buti la basi, kwenye joto, wanaanza kuharibika kabla hata hawajafika Dar es Salaam. Hata ungekuwa umesimama stendi basi linaingia, sijui kama ungeokoa wote. Kwa hiyo usijibebeshe yote. Mpigie mama leo ukiwa umekaa, usiwe unatembea kwenda kazini, na umwambie ukweli kwamba waliharibika. Ataumia. Lakini usipomwambia atakutumia ndoo nyingine kwa njia ileile, na atakaa tena na wajukuu kuwanyonyoa. Muombe msimu ujao awakaange na kuwakausha vizuri kabla ya kuwafunga, kama wanavyofanya wanaosafirisha mbali. Wakikauka wanavumilia safari na kusubiri stendi.

Na mzigo wa basi una desturi zake. Mama, au mjukuu anayempeleka stendi, akutumie picha ya risiti, namba za basi na simu ya ofisi ya mizigo ya Dar es Salaam. Kwenye ndoo yenyewe ziandikwe namba mbili za simu, yako na ya mdogo wako, kwa kalamu isiyofutika, juu ya mfuniko na ubavuni. Kwenye risiti jina liwe la mdogo wako, kwa sababu ofisi nyingi hazitoi mzigo kwa mtu ambaye jina lake halimo. Uliza mapema hela ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa lini. Na mzigo wa kuharibika usipandishwe Alhamisi kama Ijumaa na Jumamosi uko zamu. Mpe mama ratiba yako ya mwezi, aiweke ukutani.

Kuhusu madai, andika hivi, ubadilishe panapohitajika, utume kwa muuzaji na nakala kwa wasafirishaji kwa njia inayoacha kumbukumbu:

"Tarehe fulani nililipia nebulaiza pamoja na usafiri mpaka mlangoni. Mara ya kwanza niliandikiwa sipatikani bila kupigiwa simu, nikatozwa usafiri mara ya pili. Mara ya pili mzigo uliachwa kwa mtu ambaye sikumtaja, kwa saini isiyo yangu, na boksi likiwa na dalili za kufunguliwa. Barakoa ya mtoto haimo. Naomba mnirudishie gharama ya usafiri wa mara ya pili na gharama ya barakoa, risiti nimeambatanisha, na mnipe jina la aliyesaini na picha ya makabidhiano. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe fulani."

Wape wiki mbili, tarehe uitaje. Wasafirishaji wa vifurushi na vipeto wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Wakinyamaza au wakikujibu ovyo, peleka malalamiko TCRA ukiwa na barua hiyo mkononi, maana wataanza kwa kukuuliza kama ulilalamika kwa mtoa huduma kwanza. Kama kampuni hiyo haina leseni, hilo nalo watataka kulijua. Kwa upande wa muuzaji, mlango ni Tume ya Ushindani, FCC. Kabla ya yote muulize anwani ya duka lake Kariakoo, mtaa na namba, kama hukuwahi kuiona. Ukiipata, pita siku ya mapumziko na boksi lako lote, pamoja na ile selotepu ilivyo. Usiitupe.